Tembo mmoja, mabunge mawili: Sheria za uwindaji na deni la wanaoishi na wanyamapori

KATI ya Septemba 2023 na mwaka 2024, tembo madume wasiopungua watano wa kundi linalozunguka baina ya Amboseli, nchini Kenya, na Enduimet, wilayani Longido, nchini Tanzania, waliuawa kwa risasi za wawindaji wa kitalii. Angalau wawili miongoni mwao walitajwa kuwa ni wale madume adimu ambao pembe yao hufikia kilo 45 kila upande. Wote waliuawa upande wa Tanzania, na wawindaji walikuwa na vibali halali.

Habari hizo zilipofika Nairobi ziliitwa mauaji. Upande wa Tanzania ziliitwa uwindaji wa kitalii, shughuli inayotambuliwa na sheria na inayoiingizia Serikali fedha za kigeni. Watafiti ambao wamekuwa wakiwafuatilia tembo wa Amboseli tangu mwaka 1972, na wanaowajua mmoja mmoja kwa sura ya masikio na ukoo wa mama zao, walilalamika kwamba maelewano ya tangu katikati ya miaka ya 1990, ya kutowinda katika ukanda ule wa mpakani, yamevunjwa. Waliotetea uwindaji walijibu kwamba maelewano hayo hayakuwahi kuwa sheria, na kwamba mnyama aliyevuka mpaka yuko chini ya sheria za nchi alimo.

Pande zote mbili zilisema kweli, na hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. Tembo mmoja anayelala Kenya na kula Tanzania anaishi chini ya sheria mbili zinazopingana, zilizotungwa na mabunge mawili yaliyojibu swali lile lile kwa majibu tofauti. Swali lenyewe ni hili: mnyamapori ni mali ya nani, na ni nani anayepaswa kulipa gharama ya kumweka hai?

Ni swali linalorudi bungeni kila baada ya miaka michache, mara kwa sura ya uwindaji, mara kwa sura ya ujangili, na mara kwa sura ya mkulima aliyekanyagwa na tembo shambani kwake. Kwa msomaji wa mjini, ambaye humwona tembo kwenye noti au kwenye televisheni, mjadala huu unaweza kuonekana kuwa wa mbali. Lakini fedha zinazozungumzwa ni za walipa kodi wote, na watu wanaozikwa kila mwaka kwa sababu ya wanyama hawa ni raia wenye haki sawa na wa mjini.

Kenya na marufuku ya 1977

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, katika utawala wa Rais Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata ilifunga pia biashara ya nyara za wanyamapori, ikiwa ni pamoja na maduka ya watalii yaliyokuwa yakiuza ngozi, pembe na vikuku vya manyoya ya mkia wa tembo. Mwaka mmoja kabla ya marufuku hiyo, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Wanyamapori ya 1976, iliyounganisha idara ya wanyamapori na mamlaka ya hifadhi za taifa kuwa chombo kimoja cha Serikali.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ujangili. Vibali vya uwindaji vilikuwa vimegeuka kichaka cha kufichia meno ya tembo yaliyopatikana kwa njia haramu, na waliotajwa katika biashara hiyo hawakuwa wanyonge peke yao. Marufuku iliahidi kurahisisha kazi ya askari: kama hakuna mwenye ruhusa ya kuua, basi kila mwenye bunduki porini ni jangili.

Matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Tembo wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibaki takriban 16,000 ilipofika mwaka 1989. Maangamizi hayo yaliendelea hata baada ya marufuku. Ndipo Rais Daniel arap Moi alipomteua Richard Leakey kuongoza sekta hiyo, akachoma tani 12 za meno ya tembo Julai 1989 katika Hifadhi ya Nairobi, na Bunge likarekebisha sheria ili kuunda Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Oktoba mwaka huo huo, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya meno ya tembo. Tangu hapo idadi ilianza kupanda, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu tembo 36,280.

Hata hivyo, katika marekebisho yale yale ya 1989 kulikuwa na jambo ambalo halikupigiwa kelele wakati huo. Fidia kwa mazao na mali iliyoharibiwa na wanyamapori ilifutwa. Iliyobaki ni fidia ya kifo na majeraha tu, nayo kwa viwango ambavyo baada ya miaka michache ya mfumuko wa bei vilikuwa dhihaka: Sh30,000 za Kenya kwa mtu aliyeuawa.

Muswada uliogonga mwamba

Hasira ya wapiga kura kuhusu kiwango hicho ndiyo iliyozaa muswada uliozua ubishi mkubwa zaidi katika historia ya wanyamapori nchini Kenya. Mwaka 2004, Mbunge wa Laikipia Magharibi, G.G. Kariuki, aliwasilisha muswada binafsi wa kurekebisha sheria ya wanyamapori. Laikipia ni eneo lisilo na hifadhi ya taifa lakini lenye tembo, pundamilia na simba wengi, wanaoishi katika mashamba makubwa ya mifugo na ardhi za wafugaji.

Muswada ulikuwa na mambo matatu. La kwanza ni kupandisha fidia ya kifo kutoka Sh30,000 hadi Sh1 milioni. La pili ni kuwapa wenye ardhi na jamii za wafugaji nafasi katika bodi ya KWS. La tatu, ambalo liliwasha moto, ni vifungu ambavyo wakosoaji walivisoma kuwa vinafungua mlango wa wanyamapori kuvunwa, na hatimaye kurejea kwa uwindaji wa burudani.

Mazingira ya wakati huo yaliongeza joto. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, KWS ilikuwa ikifanya majaribio ya kuwaruhusu baadhi ya wenye mashamba katika wilaya kama Laikipia, Machakos na Kajiado kuvuna idadi maalumu ya wanyama kama pundamilia na swala, na nyama yake ilifika hadi kwenye hoteli za Nairobi. Mwaka 2003 majaribio hayo yalisimamishwa, kwa malalamiko kwamba usimamizi ulikuwa dhaifu na kwamba nyama ya kibali ilichanganyika na nyama ya wizi. Wenye mashamba waliona wamenyang'anywa sababu ya mwisho ya kuwavumilia wanyama hao. Watetezi wa wanyama waliona mlango uliofungwa mwaka mmoja kabla unafunguliwa tena kwa nyuma.

Bunge la Kenya liliupitisha muswada huo Desemba 2004. Mashirika ya kutetea wanyama, ya ndani na ya nje, yalipiga kelele na kumtaka Rais asiusaini. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, na sheria ikafia hapo.

Kilichotokea kina funzo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Uwindaji ulizuiwa, na watetezi wa wanyama wakashangilia. Lakini pamoja na vifungu vya uwindaji, ilizikwa pia fidia ya Sh1 milioni kwa familia ya aliyeuawa na tembo. Serikali baadaye iliongeza kiwango hadi Sh200,000, lakini mkulima wa Taita au Laikipia alilazimika kusubiri miaka tisa kabla ya kuona sheria mpya. Mambo mawili ambayo hayakuwa lazima yaende pamoja yalifungwa katika kifurushi kimoja, na kifurushi kilipotupwa, mnyonge ndiye aliyepoteza.

Sheria hiyo mpya ilipatikana mwaka 2013, katika utawala wa Rais Uhuru Kenyatta, na kuanza kutumika Januari 10, 2014. Ilitangaza uwindaji wa burudani kuwa kosa la jinai. Iliweka adhabu ya faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Na ilipandisha fidia ya kifo hadi Sh5 milioni, ulemavu wa kudumu Sh3 milioni, na majeraha mengine hadi Sh2 milioni.

Tanzania na njia ya vitalu

Watu wengi hudhani kwamba Tanzania haijawahi kufunga uwindaji. Iliufunga mwaka 1973, miaka minne kabla ya Kenya, na kuufungua tena mwaka 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO. Mageuzi ya uchumi yalipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, vitalu vya uwindaji vilianza kukodishwa kwa kampuni binafsi, na huo ndio mfumo uliodumu: Serikali inagawa pori katika vitalu, kampuni inalipa ada ya kitalu, na mwindaji kutoka nje analipa ada ya kila mnyama anayemuua.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyopitishwa na Bunge wakati Shamsa Mwangunga akiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, ilikuja kuchukua nafasi ya sheria ya 1974. Katika uwindaji, ililenga kuvunja ukiritimba: kuweka ukomo wa vitalu kwa kampuni moja na kuwapa Watanzania sehemu kubwa zaidi ya biashara hiyo. Kwa miaka mingi wabunge walikuwa wakilalamika kwamba vitalu hugawiwa gizani, kwa bei ya kutupa, na kwamba Mtanzania anayepewa kitalu hukigeuza na kukikodisha kwa mgeni kwa bei kubwa kuliko anayolipa Serikalini.

Lakini kifungu kilicholeta kilio kikubwa zaidi hakikuhusu bunduki. Sheria ya zamani iliruhusu watu kuishi, kulima na kuchunga ndani ya mapori tengefu. Sheria ya 2009 ilipiga marufuku kilimo ndani ya maeneo hayo, na ikazuia kuchunga mifugo bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Sheria hiyo hiyo ikamtaka Waziri ahakikishe kwamba ardhi ya kijiji haimo ndani ya pori tengefu. Kwa maneno mengine, mahali ambapo kijiji na pori tengefu vilikuwa kitu kimoja kwa miongo mingi, ilibidi kimoja kimpishe mwenzake.

Loliondo, wilayani Ngorongoro, ndiko kulikoonekana maana ya kifungu hicho. Tangu mwaka 1992 kitalu cha huko kimekuwa mikononi mwa kampuni yenye asili ya Falme za Kiarabu, na mkataba wake uliwahi kuchunguzwa na kujadiliwa sana tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Julai 2009 maboma ya wafugaji yalichomwa. Machi 2013 Waziri Khamis Kagasheki alitangaza kutenga kilomita za mraba 1,500, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda akawaambia wananchi kwamba mpango huo hautatekelezwa. Miaka tisa baadaye, Juni 2022, eneo la ukubwa huo huo liliwekewa alama za mipaka na kutangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, katika operesheni ambayo askari polisi mmoja aliuawa na wananchi kadhaa wakajeruhiwa.

Wanaotetea hatua hiyo husema chanzo cha maji ya Serengeti na mapito ya nyumbu lazima vilindwe. Wanaoipinga huuliza kwa nini ng'ombe wa Mmasai ni tishio kwa nyumbu ilhali bunduki ya mgeni si tishio. Swali hilo limeulizwa bungeni kwa namna nyingi, na halijawahi kupata jibu lililowaridhisha wanaoishi pale.

Bunge lilipong'ata

Isidhaniwe kwamba mijadala hii huishia katika maneno. Nchini Tanzania wanyamapori wamewaangusha mawaziri wengi kuliko sekta nyingi nyingine.

Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walisafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Habari hiyo ilipofika bungeni mwaka uliofuata, picha ya twiga akipanda ndege usiku ikawa methali ya nchi nzima, na usafirishaji wa wanyama hai ukasitishwa. Katika misukosuko ya Bunge ya Aprili 2012, iliyozaa mabadiliko ya Baraza la Mawaziri mwezi uliofuata, Waziri Ezekiel Maige ni mmoja wa waliopoteza nafasi zao.

Mwaka 2013 mambo yalikuwa mazito zaidi. Oktoba mwaka huo Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza kupambana na majangili. Sababu ilikuwapo: tembo walikuwa wakiteketea. Lakini ndani ya wiki chache wabunge kutoka majimbo ya wafugaji, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza mateso, udhalilishaji wa wanawake, mifugo iliyopigwa risasi na watu waliokufa mikononi mwa askari. Operesheni ilisimamishwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya mwenyekiti wake James Lembeli, ilichunguza na kuwasilisha taarifa yake Desemba 20, 2013. Kabla ya usiku huo kwisha, mawaziri wanne, wa Maliasili, Ulinzi, Mambo ya Ndani na Mifugo, walikuwa wameondoka madarakani.

Siku ile ilionyesha nguvu ya Bunge na udhaifu wake kwa pamoja. Nguvu, kwa sababu chombo cha wananchi kiliiambia dola kwamba uhai wa tembo haulindwi kwa kumtesa raia. Udhaifu, kwa sababu mawaziri waliondoka lakini sheria iliyowapa askari nafasi ya kufanya waliyoyafanya haikuguswa siku ile, na majangili wakubwa, wale wasioingia porini, hawakutikiswa na mjadala huo.

Hesabu zisizompendelea yeyote

Wanaotaka uwindaji upigwe marufuku huitaja Kenya kama mfano. Wanaotaka uendelee huitaja Tanzania. Takwimu zilizopo zinawasuta wote wawili.

Utafiti wa wanasayansi wakiongozwa na Joseph Ogutu, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wanyamapori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Ni miaka ile ile ya marufuku. Katika kipindi hicho kondoo na mbuzi waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Mwindaji alikuwa ameondoka, lakini uzio, jembe, ugawaji wa ranchi na ongezeko la watu vilibaki. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya hifadhi, katika ardhi za watu, mwenye ardhi asiyepata chochote kutokana na pundamilia hakuwa na sababu ya kumwachia nyasi.

Lakini Tanzania nayo haiwezi kujisifu. Sensa ilikuta tembo 109,051 mwaka 2009. Mwaka 2014 walibaki 43,330. Asilimia 60 walitoweka ndani ya miaka mitano, na pigo kubwa lilikuwa Selous, pori ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la vitalu vya uwindaji. Mwaka 2013 Selous ilihesabiwa kuwa na tembo 13,084 tu. Hoja ya siku zote, kwamba kuwapo kwa wawindaji halali porini kunamfukuza jangili, haikusimama pale ambapo jangili alikuwa na mtandao, silaha na watu wa kumlinda.

Kinachojitokeza ni kwamba uwindaji, uwe umefungwa au umefunguliwa, si ufunguo wa jambo hili. Kenya ilipoteza wanyama kwa sababu jirani wa mnyama hakufaidika. Tanzania ilipoteza tembo kwa sababu usimamizi uliliwa na rushwa, na jirani wa mnyama, ambaye angeweza kuwa mlinzi wa kwanza, alichukuliwa kuwa mshukiwa wa kwanza. Ni kasoro moja yenye sura mbili: sheria zote mbili zilitungwa zikimtazama mnyama na mgeni, mmoja wa kupiga picha na mwingine wa kupiga risasi. Mwanakijiji aliyesimama katikati yao hakuonekana.

Fidia na kifuta machozi

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kama katika malipo kwa wanaodhuriwa.

Sheria ya Tanzania haitumii neno fidia. Kanuni za mwaka 2011 zinazungumzia kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao. Uteuzi wa maneno hayo una maana. Fidia ni haki, na mtu anaweza kuidai mahakamani. Kifuta machozi ni huruma ya Serikali, na huruma haidaiwi. Viwango vya mwaka 2011, vilivyodumu kwa zaidi ya muongo mmoja, vilikuwa Sh1 milioni ya Tanzania kwa kifo, Sh500,000 kwa ulemavu wa kudumu na Sh200,000 kwa majeraha. Kwa mazao, malipo yalikuwa kati ya Sh25,000 na Sh100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini, na hayakuzidi ekari tano.

Karibu katika kila mjadala wa bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii, wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi wamesimama kulalamikia udogo wa viwango hivyo na ucheleweshaji wake. Wengine wametishia kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri. Waziri husimama, huahidi kwamba kanuni zinapitiwa, shilingi hurudishwa, na bajeti hupita.

Ukilinganisha na Sh5 milioni za Kenya, ambazo kwa viwango vya kubadilishia fedha vya miaka ya karibuni zinakaribia Sh100 milioni za Tanzania, tofauti ilikuwa ya mara mia. Mjane wa upande mmoja wa mpaka alithaminiwa mara mia zaidi ya mjane wa upande wa pili, ingawa waume wao huenda waliuawa na tembo yule yule.

Lakini kabla ya kuipongeza Kenya, ni vema kuuliza ni wangapi wamelipwa. Bunge la Nairobi liliandika kiasi kikubwa katika sheria bila kuhakikisha chanzo cha fedha. Madai yakafurika, yakiwamo mengi ya kuumwa na nyoka, na malimbikizo yakafika mabilioni ya shilingi. Familia zimekaa miaka na barua za kuthibitishiwa malipo ambayo hayaji. Haki kubwa isiyolipwa na huruma ndogo inayochelewa zinamfikisha mfiwa mahali pamoja: kwenye benchi la ofisi ya wilaya.

Na hapo ndipo usalama wa mnyama mwenyewe unapoamuliwa. Mkulima aliyekesha siku tatu akipiga madebe, na ambaye anajua kwamba hakuna wa kumlipa, hatatoa taarifa atakapoona nyayo za wageni wenye bunduki usiku. Hana sababu. Askari wa wanyamapori wote wa nchi mbili hawawezi kufidia kukosekana kwa macho ya mtu huyo mmoja.

Sauti za mbali

Mabunge ya Dodoma na Nairobi si peke yake yanayoamua. Aprili 2014, Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo waliowindwa Tanzania na Zimbabwe, ikitaja hali ya usimamizi na kushuka kwa idadi ya tembo. Uamuzi huo wa ofisi moja mjini Washington uligusa mapato ya vitalu kuliko hotuba nyingi za bungeni. Machi 2023, Bunge la Wawakilishi la Uingereza lilipitisha muswada wa kuzuia nyara za uwindaji kuingizwa nchini humo, lakini ukakwama katika Baraza la Malordi mwaka huo huo, baada ya ubishi mrefu na malalamiko ya nchi za kusini mwa Afrika kwamba hazikushirikishwa.

Hapa pana hatari mbili. Moja ni kuwaachia wengine watuamulie. Nyingine ni kutumia hasira dhidi ya wageni kama kisingizio cha kutojisahihisha. Mwingereza hajui jina la kijiji kilichopo Enduimet, hilo ni kweli. Lakini si Mwingereza aliyeandika kwamba machozi ya mjane yafutwe kwa Sh1 milioni.

Kilicho mbele ya waheshimiwa

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 116, uliahidi kwamba nchi wanachama zitaoanisha sera zao za kuhifadhi wanyamapori, ndani na nje ya maeneo ya hifadhi. Zaidi ya miaka 20 imepita. Kuoanisha hakumaanishi kwamba Tanzania ifunge uwindaji wote au Kenya iufungue. Kila nchi ina historia yake na bajeti yake. Lakini hakuna kinachozuia Dodoma na Nairobi kuandika katika sheria yale maelewano ya mpakani ambayo kwa miaka takriban 30 yalitegemea uungwana: ukanda ambamo tembo wa pamoja hawawindwi, na jumuiya za vijiji zinazopoteza mapato kwa ajili hiyo, kama zile za Enduimet, zinalipwa kutoka katika mapato ya utalii wa picha ambao tembo hao hao wanauletea upande wa Kenya. Tembo akiwa mali ya pande mbili, gharama yake nayo iwe ya pande mbili.

Yapo pia mambo ambayo kila Bunge linaweza kuyafanya bila kumsubiri jirani. Dodoma inaweza kuacha neno kifuta machozi na kuandika fidia, na kuifunga na asilimia maalumu ya ada za vitalu na viingilio vya hifadhi ili isitegemee hisani ya Hazina. Inaweza kuamuru kwamba mikataba ya vitalu na mgawo wa mapato ya kila kijiji viwekwe hadharani. Nairobi inaweza kukubali kwamba ahadi ya Sh5 milioni isiyolipwa ni mbaya kuliko ahadi ndogo inayolipwa ndani ya miezi mitatu, na kuiwekea ahadi hiyo mfuko wake. Na pande zote mbili zinaweza kujifunza kutokana na muswada wa 2004, kwamba haki ya anayeuawa na mnyama isifungwe tena katika kamba moja na ubishi wa bunduki za watalii.

Yaliyotokea mwaka 1977, 1989, 2004, 2009 na 2013 yanaonyesha kwamba mabunge haya huamka pale tembo wanapokaribia kwisha au pale askari wanapovuka mpaka wa ubinadamu. Katikati ya misiba hiyo miwili kuna miaka mingi ya ukimya, ambamo watu hulima, hukesha na huzika. Sheria njema ya wanyamapori ni ile itakayotungwa katika miaka hiyo ya ukimya, kabla ya msiba unaofuata kuwaita tena waheshimiwa kwenye viti vyao.